Macheo, machweo na urefu wa mchana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Utata mwingi katika hesabu hizi hutokana na kuchanganya vitu viwili: urefu wa mchana, na mahali mchana huo unapokaa kwenye saa. Cha kwanza huamuliwa na latitudo na tarehe. Cha pili huamuliwa na longitudo, ukanda wa saa na mwendo wa dunia kulizunguka jua. Majibu yafuatayo yanavitenga kwa makusudi, kisha yanaviunganisha.

Saa zote zimeandikwa kwa mfumo wa saa 24. Kwa hiyo 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na 19:05 ni saa moja na dakika tano jioni.

## Mambo ya msingi

Macheo na machweo hasa ni wakati gani?

Macheo ni pale ukingo wa juu wa jua unapochungulia kwenye upeo wa macho, na machweo ni pale ukingo huohuo unapozama. Katikati ya jua hakuhesabiwi, na ukingo wa chini pia hauhesabiwi. Ndiyo maana jua linapoonekana nusu tu asubuhi, macheo yameshapita.

Upeo unaotumika katika hesabu ni ule wa mahali tambarare, kama baharini. Milima na majengo yana swali lake huko chini.

Nahitaji taarifa gani ili nipige hesabu?

Nne tu: latitudo, longitudo, tarehe, na tofauti ya saa za mahali hapo na saa ya dunia (UTC). Latitudo za kaskazini ya ikweta ni chanya na za kusini ni hasi. Longitudo za mashariki ni chanya na za magharibi ni hasi. Tarehe igeuzwe kuwa namba ya siku katika mwaka: tarehe 1 Januari ni 1, tarehe 1 Februari ni 32, na tarehe 31 Desemba ni 365 katika mwaka wa kawaida.

Kimo kutoka usawa wa bahari hakihitajiki kwa watu wengi. Tazama swali la ghorofa na vilele.

Kwa nini urefu wa mchana hubadilika mwaka mzima?

Kwa sababu mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.44. Dunia inapolizunguka jua, miezi kadhaa ncha ya kaskazini huelekea kwenye jua, na miezi mingine ni zamu ya ncha ya kusini. Mahali ambapo jua huwa utosini adhuhuri huhama polepole, kutoka nyuzi 23.44 kaskazini mwezi Juni hadi nyuzi 23.44 kusini mwezi Desemba, halafu hurudi. Umbali huo wa jua kutoka ikweta, ukipimwa kwa nyuzi, tutauita mwinamo wa jua. Ndio moyo wa hesabu yote.

Umbali wa dunia na jua hauhusiki na urefu wa mchana kwa njia ambayo wengi hudhani. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati nusu ya kaskazini iko katika siku zake fupi.

Mchana hurefuka na kufupika kiasi gani?

Inategemea latitudo. Kwenye ikweta mchana ni saa 12 na dakika 7 hivi, mwaka mzima, bila mabadiliko ya maana. Ukifika latitudo 15, siku ndefu kuliko zote ina saa 13 na dakika 1, na fupi kuliko zote saa 11 na dakika 14. Kwenye latitudo 30 ni saa 14 na dakika 5 dhidi ya saa 10 na dakika 13. Kwenye 45 ni saa 15 na dakika 37 dhidi ya saa 8 na dakika 46. Kwenye 60 pengo ni kubwa mno: saa 18 na dakika 52 dhidi ya saa 5 na dakika 52.

Kasi nayo hutofautiana. Mwezi Machi na Septemba mabadiliko ni ya haraka. Kwenye latitudo 60 mchana huongezeka au hupungua kwa zaidi ya dakika 5 kila siku. Mwezi Juni na Desemba, siku nyingi hupita bila tofauti ya kuonekana.

## Kupiga hesabu mwenyewe

Fomula ni zipi?

Tuseme N ni namba ya siku, A ni latitudo, L ni longitudo, na M ni longitudo ya katikati ya ukanda wa saa, yaani 15 mara saa za tofauti na UTC. Pembe zote ni kwa nyuzi.

B = 360 ÷ 365 × (N − 81)

Mwinamo wa jua: D = 23.44 × sin B

Tofauti ya saa ya jua na saa ya ukutani, kwa dakika: T = 9.87 × sin 2B − 7.53 × cos B − 1.5 × sin B

Pembe ya saa: cos H = (−0.01454 − sin A × sin D) ÷ (cos A × cos D)

Urefu wa mchana, kwa saa: 2 × H ÷ 15

Adhuhuri ya jua: 12:00 + dakika 4 × (M − L) − dakika T

Ukishapata adhuhuri ya jua, ondoa H ÷ 15 upate macheo, na ongeza H ÷ 15 upate machweo. Mgawanyo wa 15 unatoka kwenye mzunguko wa dunia: nyuzi 360 kwa saa 24 ni nyuzi 15 kwa saa, au nyuzi 1 kwa dakika 4.

Namba −0.01454 ni sin ya −0.833. Hizo nyuzi 0.833 zimeelezwa huko chini kwenye swali la ikwinoksi, na nakusihi usiziache.

Naomba mfano kamili, hatua kwa hatua.

Tuchukue Johannesburg, tarehe 15 Januari. Latitudo ni −26.2, longitudo 28.05, na saa za huko ni UTC+2, kwa hiyo M ni 30. N ni 15.

B ni 0.9863 × (15 − 81), yaani −65.1. Sin yake ni −0.907, kwa hiyo mwinamo wa jua D ni −21.26: jua liko kusini ya ikweta, upande uleule wa Johannesburg, na tunatarajia mchana mrefu.

T: 9.87 × (−0.764) ni −7.54. Ondoa 7.53 × 0.421, yaani 3.17, tunafika −10.71. Ondoa 1.5 × (−0.907), ambayo ni sawa na kuongeza 1.36, tunapata dakika −9.35.

Sasa pembe ya saa. Sin A ni −0.4415 na sin D ni −0.3626. Hasi mara hasi ni chanya, 0.1601. Juu ya mstari: −0.0145 − 0.1601 = −0.1746. Chini ya mstari: 0.8973 × 0.9319 = 0.8362. Cos H ni −0.2088, na H ni nyuzi 102.05.

Urefu wa mchana ni 204.1 ÷ 15, yaani saa 13 na dakika 36. Nusu yake ni saa 6 na dakika 48.

Adhuhuri ya jua: mji uko nyuzi 1.95 magharibi ya katikati ya ukanda wake, kwa hiyo jua huchelewa dakika 7.8. Kuondoa T ambayo ni hasi ni kuongeza dakika 9.35. Jumla tunapata 12:17. Macheo ni 05:29 na machweo ni 19:05.

Angalia kilichotokea. Urefu wa mchana ulipatikana bila kugusa longitudo hata mara moja. Longitudo iliingia mwishoni tu, kuuweka mchana mahali pake kwenye saa.

Fomula nimeiandika kwenye lahajedwali, lakini majibu ni ya ajabu. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni radiani, kipimo kingine cha pembe. Lahajedwali na lugha za programu karibu zote husoma pembe za sin na cos kwa radiani, si kwa nyuzi. Zidisha nyuzi kwa 3.14159 ÷ 180 kabla ya kuziingiza, na fanya kinyume chake kwenye jibu la acos (kinyume cha cos, kinachokupa H). Kikokotoo cha mkononi nacho kina kitufe cha kubadili kati ya hali hizo mbili.

Kisha kagua alama. Ukisahau hasi ya latitudo ya kusini, utapata mchana mrefu mwezi ambao unapaswa kuwa mfupi. Ukisahau hasi ya longitudo ya magharibi, macheo yatahama kwa saa kadhaa huku urefu wa mchana ukibaki sahihi. Hiyo tofauti ya dalili husaidia sana kutafuta kosa: urefu ukiwa mbaya, kagua latitudo na tarehe, urefu ukiwa sawa lakini saa zimehama, kagua longitudo na ukanda.

Kuna njia ya haraka nikijua macheo ya mji wa jirani?

Ipo. Kama mahali hapo pawili pana latitudo zinazokaribiana na panatumia ukanda mmoja wa saa, chukua tofauti ya longitudo na uizidishe kwa dakika 4. Mahali pa mashariki huona jua kwanza. Kwenye ikweta nyuzi 1 ni kilomita 111 hivi, kwa hiyo kila kilomita 28 kuelekea magharibi huchelewesha macheo kwa dakika 1. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, nyuzi za longitudo hukaribiana na kilomita hupungua.

Latitudo zikitofautiana sana, njia hii haifai. Rudi kwenye fomula.

## Jua na saa ya ukutani

Kwa nini jua halifiki juu kabisa saa 12:00 kamili?

Kwa sababu mbili, na zote zimo kwenye fomula ya adhuhuri ya jua.

Ya kwanza ni ukanda wa saa. Watu wa eneo pana hukubaliana kutumia saa moja, lakini jua hupita juu ya kila longitudo kwa wakati wake. China ni mfano wa wazi, kwani nchi nzima hutumia UTC+8. Beijing na Kashgar ziko karibu latitudo moja, kwa hiyo urefu wa mchana wao haupishani sana. Lakini mwanzoni mwa Januari jua huchomoza Beijing saa 07:36, na Kashgar kwenye 10:15 hivi, kwa sababu Kashgar iko nyuzi 40 magharibi zaidi.

Ya pili ni T. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili umeinama, kwa hiyo siku ya jua haina saa 24 kamili kila siku. Sekunde hizo hujikusanya. Katikati ya Februari jua huwa nyuma ya saa kwa dakika 14, na mwanzoni mwa Novemba huwa mbele kwa dakika 16. Hulingana na saa mara nne kwa mwaka, karibu na tarehe 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba.

Nifanyeje na nchi zinazosogeza saa mbele majira ya joto, au zenye nusu saa?

Tumia tofauti ya UTC inayotumika siku hiyo. London ni UTC+0 Januari na UTC+1 Julai, kwa hiyo M huwa 0 kisha 15. India ni UTC+5:30, M ni 82.5. Nepal ni UTC+5:45, M ni 86.25. Fomula haijali kama namba ni nzima.

Kwa nini machweo ya mapema kuliko yote hayaangukii siku fupi kuliko zote?

Hili huwasumbua wengi, na ni zuri kulielewa. Mwezi Desemba, adhuhuri ya jua inachelewa zaidi kwa karibu nusu dakika kila siku, kwa sababu T inabadilika upesi. Siku zinapokaribia kuwa fupi kabisa, urefu wa mchana karibu haubadiliki. Kwa hiyo mchana wote, macheo na machweo pamoja, unasukumwa kuelekea saa za baadaye. London machweo ya mapema zaidi huwa karibu na tarehe 12 Desemba, siku fupi kabisa ni tarehe 21 au 22, na macheo ya kuchelewa zaidi huwa mwishoni kabisa mwa Desemba.

Kwenye ikweta jambo hili hutawala kila kitu. Urefu wa mchana umesimama, kwa hiyo macheo na machweo hufuata T peke yake. Mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza nusu saa hivi mapema kuliko katikati ya Februari. Mtu wa ikweta anayesema siku zake hazibadiliki anasema kweli kuhusu urefu, si kuhusu saa.

## Dakika chache zinazoleta ubishi

Kwa nini siku ya ikwinoksi mchana huwa mrefu kuliko usiku?

Ikwinoksi ni siku ambayo jua liko juu ya ikweta, karibu na tarehe 20 Machi na 22 au 23 Septemba. Kama jua lingekuwa nukta na dunia isingekuwa na hewa, mchana ungekuwa saa 12 kamili kila mahali.

Lakini jua lina upana. Tunahesabu ukingo wa juu, na kutoka katikati hadi ukingoni ni nyuzi 0.27. Hewa nayo hupinda mwanga. Karibu na upeo wa macho hulinyanyua jua kwa nyuzi 0.57 hivi. Ukijumlisha, katikati ya jua huwa nyuzi 0.83 chini ya upeo wakati wa macheo na machweo. Kwenye ikweta hiyo ni dakika 7 za ziada kwa siku. Kwenye latitudo 60, siku ndefu kuliko zote hupata dakika 23 za ziada. Anayetumia fomula fupi ya vitabuni, cos H = −tan A × tan D, huzipoteza zote.

Jioni ukiwa ufukweni, tazama ukingo wa chini wa jua unapogusa maji (subiri liwe jekundu na hafifu, usilikodolee macho likiwa kali). Jua zima lina upana wa nyuzi 0.53, na hewa hulinyanyua zaidi ya hapo. Maana yake, jua unaloliona likiwa zima limeshazama lote, na kinachokufikia ni mwanga uliopinda. Ukingo wa chini hunyanyuliwa zaidi kuliko wa juu, ndiyo maana huonekana limebonyea.

Programu mbili zinanipa majibu tofauti kwa dakika 1 hadi 4. Niamini ipi?

Kagua kwanza kama zote zinatumia latitudo na longitudo zilezile za mji. Mji mkubwa unaweza kuwa na dakika mbili kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha angalia aina ya fomula. Ile rahisi ya D niliyotoa juu huchukulia kwamba dunia huenda kwa mwendo sawa mwaka mzima, na mwezi Septemba inaweza kukosea karibu nyuzi 1. Kwenye latitudo 45 kosa hilo ni dakika 4 kila upande. Ukitaka usahihi zaidi tumia hii:

sin D = −0.39779 × cos(0.98565 × (N + 10) + 1.914 × sin(0.98565 × (N − 2)))

Hata hivyo, asiyefaa kuaminiwa ni yule anayetangaza sekunde. Joto na mgandamizo wa hewa hubadilisha kupinda kwa mwanga siku hadi siku, na dakika moja ndiyo kiwango cha uaminifu.

Niko ghorofa ya juu au kileleni. Jua linachelewa kuzama?

Ndiyo, kama unaona chini hadi tambarare au baharini. Chukua mzizi wa mraba wa kimo chako kwa mita, uzidishe kwa 0.0293, kisha uongeze jibu kwenye zile nyuzi 0.833. Mita 100 huongeza kama dakika 1.2 kwenye ikweta. Mita 1,000 huongeza kama dakika 3.7. Kinachohesabiwa ni kimo juu ya mandhari inayokuzunguka. Mji ulio kwenye uwanda wa juu haupati chochote cha ziada, kwa sababu upeo wake uko juu pamoja nao.

Mbele yangu kuna mlima. Hesabu inanihusu?

Urefu wa mchana wa kihesabu unabaki ule ule, lakini jua utaliona kwa muda mfupi zaidi. Pima pembe ya mlima kutoka upeo, kisha badala ya −0.833 weka pembe hiyo kama chanya, ukikumbuka kwamba jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Mji wa Rjukan nchini Norway uko bondeni kiasi kwamba jua halifiki kabisa kwa takribani miezi sita. Mwaka 2013 viliwekwa vioo mlimani ili kuakisi mwanga hadi uwanja wa mji. Kwenye jedwali la macheo, Rjukan ina jua kila siku.

Mwanga wa kabla ya macheo huhesabiwaje?

Kwa fomula ileile, ukibadilisha pembe. Weka −6 badala ya −0.833 upate mwanzo wa mwanga unaotosha kufanya shughuli nje bila taa. Weka −12 kwa mabaharia wanaohitaji kuona nyota na upeo kwa pamoja, na −18 kwa wanaastronomia wanaotaka giza kamili. Kwenye ikweta mwanga wa nyuzi 6 hudumu dakika 21 hadi 23. Juu ya latitudo 48.6 giza kamili halifiki kabisa karibu na siku ndefu kuliko zote.

## Karibu na ncha za dunia

Kikokotoo kinakataa kunipa H. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea. Cos haiwezi kuzidi 1 wala kushuka chini ya −1. Ikitoka chini ya −1, jua halizami siku hiyo. Ikizidi 1, halichomozi. Programu nzuri huandika hivyo waziwazi badala ya kuonyesha hitilafu.

Mstari wa duara la Aktiki uko latitudo 66.56, lakini zile nyuzi 0.83 huusogeza. Jua la usiku wa manane huonekana kuanzia karibu 65.7, na siku isiyo na jua kabisa huanzia karibu 67.4. Rovaniemi, Finland, iko karibu kabisa na mstari huo, na bado siku yake fupi kuliko zote ina jua kwa saa 2 na robo hivi.

Na kwenye ncha yenyewe?

Hapo longitudo haina maana na fomula hugawanya kwa sifuri. Kwenye ncha ya kaskazini jua huchomoza mara moja kwa mwaka, siku chache kabla ya ikwinoksi ya Machi, na huzama mara moja, siku chache baada ya ile ya Septemba.

Hesabu za latitudo za juu sana zinaaminika kiasi gani?

Kidogo kuliko kwingine. Jua huko husafiri karibu sambamba na upeo, kwa hiyo kosa dogo la pembe hugeuka kuwa dakika nyingi. Kikokotoo cha NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, huahidi usahihi wa dakika 1 hadi latitudo 72, na dakika 10 zaidi ya hapo.

Hewa yenye tabaka za baridi na joto inaweza kuvunja hata hiyo ahadi. Baadhi ya mabaharia wa nahodha Mholanzi Willem Barentsz, waliokwama Novaya Zemlya, visiwa vya kaskazini mwa Urusi, majira ya baridi ya 1596 na 1597, waliliona jua tarehe 24 Januari 1597, karibu wiki mbili kabla ya siku lililotarajiwa. Wengi walitilia shaka habari hiyo kwa muda mrefu, hadi ilipoeleweka kwamba tabaka hizo zinaweza kuubeba mwanga ukizunguka mviringo wa dunia. Kwa latitudo hizo, andika macheo kama makadirio, na tarehe ya jua la kwanza la mwaka kama tarehe yenye siku kadhaa mbele na nyuma.